Melkiori na Wimbo wa Kupura Mtama

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Mlioko Manyoni na Itigi, mlioko Ikungi na Mkalama, na ninyi mlioshika usukani huku mmetega sikio, karibuni tukae pamoja. Mimi ni Chediel. Mlionizoea mnajua kipindi hiki nakiendesha kwa upole, maana tunawakumbuka waliotutangulia. Leo upole mtanisamehe. Nimeutafuta tangu asubuhi sijaupata. Nina kinyaa, na kinyaa hakifichiki kwenye kipaza sauti.

Leo tunamkumbuka Melkiori Manase, dereva wa lori. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Melkiori Manase, dereva wa lori, mwana wa Iramba, mzaliwa wa kijiji kimoja chini ya mlima Sekenke. Jina la kijiji nalihifadhi. Si kwa heshima, ni kwa sababu nikilitaja, wenye makosa watajificha nyuma ya wasio na makosa. Melkiori alifariki barabarani, mchana kweupe, karibu kabisa na kwao. Ameacha mke, Kristina. Ameacha watoto. Ameacha mama yake mzazi, mama Asnath.

Kristina ana ombi, na nimemwahidi nitalisema mwanzo kabisa. Kuna mtu aling'oa redio ya gari la Melkiori siku ya ajali. Aliing'oa Melkiori akiwa bado anapumua. Kristina hataki redio. Hataki polisi. Anamtaka mtu huyo aje akae mbele yake, amweleze kwa mdomo wake mwenyewe alichokifanya. Ombi ndilo hilo. Sasa tuanze na mtu mwenyewe.

Wasikilizaji wapendwa, Melkiori alipenda nyimbo. Mtasema, dereva gani hapendi nyimbo? Subirini. Wengi wetu tunaweka nyimbo ili tusilale. Melkiori aliweka nyimbo ili gari litembee. Alikuwa akisema hivyo, na alikuwa hatanii. Kuna wimbo unakwenda, alisema, na kuna wimbo umekaa. Ukiweka wimbo uliokaa kwenye barabara ndefu, utaona gari limesimama hata kama mshale wa spidi unakuambia unakimbia.

Haya aliyajua tangu mtoto. Mama Asnath amenisimulia. Baba yake, mzee Manase, alikuwa akimpakia kwenye baiskeli kutoka mnadani, huku akipiga mluzi. Wakifika kwenye kilima, pumzi inamwishia mzee, mluzi unakatika. Mtoto analalamika huko nyuma: "Baba, mbona umepunguza mwendo? Piga mluzi twende." Mzee anamjibu, "Mluzi ndio unaokanyaga pedali?" Lakini anapiga. Mama Asnath anasema mume wake alikuwa akifika nyumbani midomo imekauka, anaomba maji kabla ya salamu. Mzee Manase naye hatunaye, Mungu amrehemu.

Mtoto yule akakua, akashika lori. Akabeba alizeti, akabeba vitunguu, akabeba mafuta. Rafiki yake Calist, dereva mwenzake, ndiye aliyesafiri naye sana. Nilimuuliza Calist, ndugu yangu, habari za nyimbo za Melkiori zikoje? Akacheka kwanza, halafu akafuta macho.

"Yule bwana alikuwa na ugonjwa wa nyimbo," Calist aliniambia. "Siku moja tunapanda Sekenke na mzigo, mimi nikaweka singeli. Akaizima. Nikamwambia, wewe vipi? Akasema, unalitukana gari. Gari linatambaa, wimbo unakimbia, wewe umekaa katikati unachanganyikiwa. Utaanza kukanyaga mafuta bure, utalichukia gari lako mwenyewe. Akaweka kwaya, ile ya taratibu ya wazee. Basi bwana, tukapanda. Naapa nilisikia kama kuna watu wanatusukuma."

Hiyo ni ya kupanda. Na kushuka je? Kushuka Sekenke, Melkiori alizima kila kitu. Mlima unashukwa kimya, alisema, unasikiliza injini na breki, hakuna cha kwaya wala cha nani. Vijana mnaoshuka kona zile huku spika zinapasuka, nadhani mmesikia. Wimbo wa haraka unakudanganya kwamba unachelewa, na mguu hauna macho.

Sasa kuna tambarare. Ukishamaliza mlima, unaingia kwenye ile mbuga ya Wembere. Barabara imenyooka. Kulia majani, kushoto majani. Injini inavuma sauti ileile. Macho hayana pa kushika. Mtu anaweza kuendesha pale akaona yuko palepale. Melkiori alisema mbuga ndiyo iliyomshinda kwa miaka. Alijaribu dansi, alijaribu taarabu, alijaribu nyimbo za injili. Vyote anaviona vimekaa.

Dawa aliipata nyumbani kwao, wakati wa mavuno. Mama Asnath na wenzake walikuwa uwanjani wanapura mtama. Mnajua jinsi mama zetu wanavyopura. Wanasimama pande mbili, fimbo zinapanda, fimbo zinashuka pamoja, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, kwa Kinyiramba. Anayeanzisha pale ni mama Magreth, mwenye sauti ambayo ukiisikia huisahau. Melkiori alikuwa amekaa pembeni anakunywa uji. Akaweka kikombe chini. Akachukua simu yake, akaiweka juu ya gunia la mtama, akarekodi.

Mama Magreth akamuuliza, "Wewe Melkiori, sisi tunapura mtama, unatupeleka wapi kwenye simu hiyo?"

"Kahama, mama," akajibu. "Nakwenda nanyi Kahama."

"Tukifika huko utatulipia nauli ya kurudi?"

Wakacheka wote, na kicheko kile kiliingia kwenye wimbo. Kilibaki humo. Melkiori akauweka wimbo kwenye flashi, akaichomeka kwenye redio ya gari, akaenda nao. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa wale mama, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, halafu akasema, "Mbuga nimeivuka. Kila fimbo ikishuka, gari linaruka mbele." Wakamwona amerogwa.

Kristina naye hakuamini. Basi Melkiori akampandisha kwenye lori, limeegeshwa hapo nje ya nyumba, injini imezimwa. Akamwambia afumbe macho. Akaufungulia wimbo. Kristina anasema, "Nilishika mlango. Nilikuwa najua kabisa tumesimama, mbuzi wangu walikuwa wanakula pale mbele. Lakini mwili wangu ulikuwa unakwenda. Nikamwambia, Melkiori, punguza. Alicheka mpaka akaegemea usukani."

Kuanzia hapo wimbo ule ukawa wa mbuga, na ukawa wa nyumbani. Kila akishamaliza mlima, anafungua vioo, anafungua sauti yote, anapita kijijini kwao. Wale mama wakiusikia wanatoka hadi barabarani wanaitikia wenyewe kwa wenyewe, sauti zao za redioni na sauti zao za mdomoni. Watoto wanakimbia. Wauza vitunguu wanapunga mikono. Kila mtu kijijini alijua lori likija na wimbo wa kupura, huyo ni Melkiori. Naomba hili mlishike, wasikilizaji wapendwa. Kila mtu alijua.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe, na mwenye kula chakula kwa sasa aweke sahani pembeni.

Melkiori alitoka Singida na shehena ya mafuta ya alizeti, madumu kwa madumu. Alikuwa peke yake. Alishuka Sekenke kimya kama kawaida yake, salama. Alipofika chini akafungulia wimbo wake. Mbele kidogo, gari dogo lililokuwa linakuja upande wa pili likatoka kwenye mstari wake kupita jingine. Melkiori akampisha. Alikwenda kando, ukingo wa barabara ukakatika, lori likalala ubavu mtaroni. Mwenye gari dogo hakusimama. Sijui yeye alikuwa anasikiliza nini.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Sikudhani, mama anayeuza vitunguu na asali pale barabarani. Aliacha biashara yake wazi akakimbia. Kioo cha mbele kilikuwa kimetoka. Akapiga magoti pale, akaingiza mkono, akashika mkono wa Melkiori. Usukani ulikuwa umembana kifuani. Macho ameyafumba. Na redio, wasikilizaji wapendwa, redio ilikuwa inaimba. Lori limelala, magurudumu yako hewani, na mama zake wanapura mtama.

Nilikwenda kumwona mama Sikudhani kwake. Alinieleza hivi. "Alikuwa hana hofu. Aliniuliza, mama, tumefika wapi? Nikajua anadhani tunakwenda. Nikasema, tumekaribia, mwanangu. Akasema, naona kama mbuga tumeshaimaliza. Nikasema ndiyo, tumeimaliza. Kidole chake kilikuwa kinapiga kwenye mkono wangu, kinafuata fimbo. Nikasema moyoni, basi, Mungu amemrahisishia. Acha aende hivyohivyo."

Nyuma ya mgongo wa Sikudhani, watu walikuwa wamefika. Walifika wengi. Hawakuja kwa Melkiori. Walikuja na ndoo, na sufuria, na mabeseni. Madumu mazima yalibebwa kwanza, kwa pikipiki, kwa baiskeli, kichwani. Yaliyopasuka yakawa yanatiririka mtaroni, na watu wakaingia mtaroni. Walichota mafuta na udongo wake. Walichota mafuta na vioo vyake. Walikuwa wanateleza na kuanguka na kucheka. Kuna mama alivua kanga yake ya juu, akailoweka kwenye dimbwi, akaikamulia kwenye ndoo, akailoweka tena. Wakati huo mtu yuko hai hatua chache kutoka pale.

Sikudhani alipiga kelele, "Njooni mnisaidie, huyu mzima!" Aliita majina. Anawajua. Mmoja akamjibu, "Tunakuja, mama, ngoja kwanza." Ngoja kwanza! Mimi nimetangaza misiba mingi katika mkoa huu. Nimetangaza waliokufa kwa maradhi, na waliosombwa na mafuriko. Sijawahi kusikia neno lililonitia kinyaa kama hilo la ngoja kwanza.

Halafu akaja huyu mwenye redio. Alikuwa amevaa helmeti ya bodaboda, kioo cha helmeti ameshusha, ndiyo maana Sikudhani hakumtambua. Aliingia kwa kile kioo kilichotoka, akapita juu ya bega la Melkiori, na bisibisi mkononi. Sikudhani akamshika shati. Akamwambia, "Mwanangu, iache, anaisikiliza!" Akamjibu, "Mama, hii haimsaidii tena." Akaivuta. Nyaya zikakatika. Wimbo ukanyamaza.

Melkiori akafungua macho.

"Mbona tumesimama?" akauliza.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Mama Sikudhani anasema alitaka kuimba yeye, lakini yeye si Mnyiramba, wimbo haujui. Alibaki amemshika mkono. Melkiori aliangalia huku na huku, akaona majani, akaona watu wenye ndoo, akajua yuko wapi. Alikata roho akiwa anajua.

Wasikilizaji wapendwa, subirini ninywe maji.

Nimewasikia wanaojitetea. Wanasema kilichoanguka barabarani hakina mwenyewe. Wanasema hatukujua ni Melkiori, tulidhani ni lori la watu wa mbali, la safari za nje. Hamkujua? Wimbo ulikuwa unaimba! Wimbo wa kijiji chenu, kwa lugha yenu, kwa sauti za mama zenu waliowazaa. Mlichota mafuta huku mama zenu wanawaimbia masikioni. Na hebu tuseme hamkujua. Tuseme alikuwa Mrundi, au Mkongo, au mtu wa Mbeya asiye na ndugu hapa. Ndiyo mngekuwa na haki ya kumwambia ngoja kwanza? Kila dereva ana kijiji chake. Kila dereva kuna mahali anapofungua vioo.

Msibani nilikwenda. Nilikuwepo, niliyaona haya kwa macho yangu. Mnajua desturi yetu, msiba ni wa wote, kila nyumba inaleta chochote. Huyu unga, yule kuni, yule kuku. Basi yakaja na madumu. Mapya, yana vifuniko vya njano, yamefutwa udongo vizuri. Yakapangwa pale jikoni nje, na akina mama wakaanza kukaanga vitunguu kwa ajili ya pilau. Harufu ikaenea mpaka ndani alikokaa Kristina.

Mjane hatoki mkekani, hiyo nayo ni desturi. Kristina alitoka. Wazee wakamwambia, "Kristina mwanetu, rudi ukae." Hakurudi. Alikwenda mpaka jikoni, akaliangalia lile dumu, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Mafuta haya yametoka wapi?"

Wapishi wanaangalia miiko. Wanaume wanaangalia viatu. Kristina akaishika sufuria ile kwa pembe za kanga yake, inachemka vilevile, akaimwaga nyuma ya nyumba. Akasema, "Msiba huu utakula ugali na mlenda. Mlenda hauhitaji mafuta." Mama Asnath akainuka naye, akaanza kuchambua mlenda. Mama mwenye msiba wa mwanawe wa kumzaa, anachambua mboga ya kuwalisha waliomwibia.

Na watu walikula, kijiji kizima. Wakati wanakula nikasikia mtu nyuma yangu ananong'ona, "Msiba gani huu, hata pilau hakuna." Ndugu yangu uliyesema hivyo, mimi ndiye niliyegeuka nikakutazama. Ulidhani naomba chumvi. Nilikuwa naangalia uso wa mtu mzima asiye na haya unafananaje.

Nimalizie habari za mama Magreth, yule mwanzishaji wa wimbo. Mavuno ya msimu huu yametoka, mtama umepurwa. Amekataa kuanzisha. Wenzake walimbembeleza, akawaambia, "Sauti yangu ilikuwa inamfikisha mtoto, mtu akaikata. Mwacheni huyo aliyeikata aje aimbe." Kwa hiyo wamepura kimya. Mama Asnath anasema fimbo zinagongana, kila mmoja anapiga kwa wakati wake, na kazi ya siku moja inachukua mbili. Watu wa kijiji kile wanapita, wanaona, na wanaendelea na safari zao.

Wasikilizaji wapendwa, wanaomjua aliyeng'oa redio ni wengi. Mafundi wa redio wanamjua, majirani wanamjua, mama yake anamjua. Wote wamefunga midomo, wanasema ni kijana wetu. Na Melkiori alikuwa kijana wa nani?

Nilimuuliza Kristina, shemeji, kwa nini hutaki hata ile flashi? Wimbo wenyewe umo humo, na kicheko cha mume wako kimo humo. Simu aliyorekodia ilivunjika siku ileile, wimbo mwingine haupo. Akasema, "Natamani. Natamani mno. Lakini nikiitaka flashi, atamtuma mtu ailete, atakuwa amemaliza. Sitaki amalize hivyo. Yeye na Sikudhani ndio waliouona uso wa mume wangu akiwa hai mara ya mwisho. Sikudhani ameshanieleza. Yeye bado."

Kwa mama Asnath, kwa Kristina na watoto, kwa Calist na madereva wote wa barabara ile, sisi wa redio hii tunawapa pole kutoka moyoni. Melkiori Manase, dereva wa lori, apumzike kwa amani. Mama Sikudhani, asante. Ulimshika mkono mtoto wa mwenzio wakati wenye undugu naye wameshika ndoo. Mungu akulipe, maana sisi hatuwezi.

Na ninyi wengine wote, mkoa mzima, tujiulize leo. Siku lori litakapolala mbele ya nyumba yako, mkono wako utakwenda wapi kwanza? Usijibu haraka. Wale nao wangejibu vizuri.

Kwa kawaida hapa naweka wimbo. Leo siweki. Nina neno moja limebaki, na ni la mtu mmoja. Wewe mwenye helmeti. Huenda umekaa kijiweni, huenda umejilaza chumbani, na huenda unanisikia kwa redio ileile, umeiunga kwenye betri, inaimba vizuri tu. Izime. Izime sasa hivi, kwa mkono uleule. Halafu uvae viatu uende kwa Kristina. Huna haja ya kuuliza njia. Ulikula pale.